Mkono Usingoje Sikio: kwa wanaoanza kupiga tari

Mfungo Sita ukikaribia, Lamu huwa na vijana wengi wanaotaka kushika tari, ngoma ndogo ya mkononi, ili waingie kwenye zefe, yaani maandamano, ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Kama u mmoja wao, karibu. Namna ya kuishika na pahala pa kupiga upate mlio mnene au mkali utaoneshwa na yeyote, na mkono utazoea upesi. Mimi nina neno kuhusu wakati, maana ndipo wageni wanapokwama.

Mgeni hungoja. Mpaka alisikie pigo la wenzake ndipo mkono wake ushuke. Sasa piga hesabu: mtu akijibu sauti, hata awe mwepesi vipi, mkono huchukua kama milisekunde 150. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde tu kati ya pigo na pigo. Ukingoja, umeshachelewa karibu thuluthi ya nafasi hiyo, na waliokaa barazani wote wamekusikia.

Wajuzi hawajibu, wanakisia. Watafiti huwaketisha watu, wakawachezea mlio unaorudi kila baada ya muda uleule, wakawataka wagonge kidole sambamba nao. Wengi hugonga kabla ya mlio, kwa milisekunde makumi kadhaa, nao wako radhi kuapa kwamba wamegonga pamoja. Waliozoea muziki nao hutangulia, ila kwa kiasi kidogo.

Na anayekisia si sikio peke yake. Mtu akilazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo asikilize mdundo bila kutikisa hata ukucha, sehemu zinazopanga mwendo wa viungo huamka: serebelamu, gamba la mbele la mwendo, na ganglia za msingi zilizo ndani kabisa. Mwili nao hulifunza sikio. Mwaka 2005, Phillips-Silver na Trainor wa Kanada walieleza jinsi watoto wa miezi saba walivyorushwarushwa, wengine kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu, kwa mdundo mmoja usio na mkazo popote. Baadaye kila mtoto alipendelea kuusikiliza mdundo uliokolezwa vile alivyorushwa. Ndiyo maana mgeni simpi tari siku ya kwanza. Kaa mkekani, yumba na safu, itikia kasida. Anayeona haya kuyumba humchukua muda mrefu zaidi, nami simwonei huruma.

Usimkodolee macho kiongozi. Kwa kazi hii jicho ni zito: wale wagonga vidole wa watafiti wakipewa taa inayowaka na kuzima badala ya mlio, hubabaika. Programu ya metronomu, inayotoa mlio kwa kila pigo, kwenye simu haina ubaya kwa mazoezi ya nyumbani, lakini simu haikusikilizi. Wawili wakipiga pamoja, kila mmoja humrekebishia mwenzake pigo kwa pigo bila kujijua, na ustadi huo hauupati ukiwa peke yako chumbani.

Halafu usidhani mdundo wa pole pole ni rahisi. Mwendo ulio mwepesi kwa wengi ni pigo moja kila nusu sekunde au kupita kidogo. Mapigo yakiachana kwa sekunde mbili hivi, kukisia kunalegea na mtu anarudi kule kule kungoja. Jaza katikati kwa kidole cha mguu, pole pole, bila mtu kukuona.

Kwenye zefe kuna shida nyingine ambayo mazoezi ya ndani hayakuoneshi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo pigo la mtu aliye mita 34 mbele yako hukufikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Vichochoroni safu hubanana na hakuna neno. Zikifika pwani palipo wazi hutawanyika, na walio mkiani wakiwafuata wa mbele kabisa, zefe nzima inaburura. Shika sauti ya aliye begani mwako na ya safu inayokutangulia, basi. Ukipotea, usikimbize mkono kutafuta pigo. Inua tari, endelea kutembea kwa hatua za wenzako, itikia ubeti mmoja, kisha ingia kwenye pigo zito.