Kabla Kiwanja cha Njiapanda Hakijauzwa

Mdogo wangu, uliniuliza kama inafaa baba auze kiwanja cha Njiapanda ili uje Uingereza kusomea shahada ya uzamili ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na kwa kuwa wenzako wawili ulio nao hapo Moshi wameniuliza swali hilohilo, nawajibu wote kwa pamoja bila kuficha.

Jambo ambalo wakala hakunieleza nilipokuwa nikijaza fomu mjini Arusha ni kwamba huku kuna shahada za uzamili za aina mbili ambazo majina yake hufanana sana. Moja huchukua takribani miaka miwili, hupokea mtu mwenye shahada ya fani nyingine, humpitisha kwenye mafunzo ya wodini na kumwezesha kuomba usajili. Nyingine, ambayo ndiyo niliyosoma, kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, nayo humwongezea maarifa mtu aliyekwisha kuwa mtaalamu. Ilinifundisha kusoma tafiti kwa jicho kali, na sijuti kuisoma, lakini haikunipa leseni. Usajili hutolewa na HCPC, baraza la Uingereza linalosimamia fani 15 za afya, zikiwemo radiografia na maabara, na mwombaji aliyesomea nje hupimwa kwa mafunzo yake ya awali na uzoefu wake wa kazi. Basi nilivaa joho huku nikihangaika kutafuta mtaala wangu wa miaka ya nyuma, karatasi ambazo ningezichukua kwa siku moja kabla ya kusafiri.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee. Kuna bibi mmoja niliyekuwa nikimgeuza kitandani kila asubuhi, nikaona wazi kwamba goti lake linazidi kukakamaa, nami nilijua zoezi la kumpa. Lakini nilikuwa pale kama mhudumu, jina la mtaalamu wa fiziotherapia linalindwa na sheria, na nilichoruhusiwa kufanya ni kuandika kwenye daftari kwamba goti linauma. Huko nyumbani mnaita kubeba maboksi. Mimi boksi silijui, ila goti lile nalikumbuka.

Msitegemee kwamba kazi hizo zitalipa ada, kwa maana viza ya mwanafunzi wa uzamili huruhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na kabla hata hujapanda ndege unatakiwa kulipia huduma ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Mwenzako mwenye mtoto mchanga ajue pia kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kozi za darasani hawaruhusiwi kuja na familia. Ufadhili wa Chevening hulipa ada na posho, ingawa hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na baada ya masomo ni lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili.

Huyo mwingine anayetaka kusomea utengenezaji wa viungo bandia amenishangaza kidogo. Watu huvuka mipaka kuja kusoma fani hiyo TATCOT, chuo kilichopo tangu 1981 hapohapo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, naye anafunga mizigo kabla hajabisha hodi pale.

Nitumie jina kamili la kozi na barua ya chuo. Baba asisaini chochote cha kiwanja mpaka nizisome.