Maswali ya Wasomaji: Dukani Taja Kipimo, Si Jina la Pikipiki

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: pikipiki ya zamani ipo, hamu ya kuifufua ipo, spea hazipatikani. Tumechagua tano.

SWALI: Shikamooni mafundi. Baba ameniachia Honda CG125. Imekaa stoo tangu 2011 na kiki haishuki hata kidogo. Nimezunguka maduka ya hapa, nikafika mpaka Kariakoo. Kila nikisema "Honda CG" naambiwa hizo zilishaisha zamani. Ni kweli spea zake hazipo tena? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Zipo, na huenda ulizipita kwenye rafu za maduka hayohayo. CG125 ilitoka mwaka 1976 ikiwa na injini ya valvu zinazosukumwa kwa fimbo. Baadaye viwanda vya China vikainakili, na nakala hiyo ndiyo iliyo ndani ya bodaboda nyingi za Kichina unazoziona barabarani. Muuzaji anazijua kwa majina ya bodaboda, kwa hiyo ukitaja Honda anatafuta boksi lenye jina hilo na halioni. Mwambie hivi: "Nataka pistoni ya CG ya fimbo, 56.5, pini 15." Hapo mtaelewana.

Jifunze pia kusoma herufi zilizochongwa kwenye injini za Kichina. Ukiona 156FMI, 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni kundi la ujazo wa cc 125. Hiyo ndiyo ndugu wa injini yako: kipenyo 56.5 mm, mwendo wa pistoni 49.5 mm. 162FMJ ni ya 150, kipenyo chake 62 mm, lakini mwendo ni uleule 49.5 na pini ya pistoni ni ileile 15 mm. Ndiyo maana watu wanapewa vitu vya 150 bila kujua. Gasketi ya hedi ndiyo inayowaponza wengi. Ukifunga yenye tundu la 62 kwenye silinda ya 56.5, kunabaki mfereji kuzunguka mdomo wa silinda, masizi yanajazana humo, na pumzi ya injini inapungua. Ilaze gasketi juu ya silinda kabla ya kulipa.

Mtego wa pili ni kwamba 156FMI huchongwa pia kwenye injini za aina ya CB, ambazo kamshafti yake (shafti inayofungua valvu) iko juu na inazungushwa kwa cheni. Kipenyo ni kilekile, ila hedi, silinda na gasketi ni vitu vingine kabisa. Uliza "ya fimbo au ya cheni?" na ukague mwenyewe: silinda ya CG ina upenyo wa kupitisha fimbo mbili.

Lakini usinunue chochote leo. Kwanza toa plagi, mimina ndani mchanganyiko wa dizeli na oili ya injini, nusu kwa nusu, kama mililita 50, uache siku nne au tano. Kisha fungua kifuniko cha sumaku na uzungushe taratibu kwa spana kwenye nati ya flaiwili (gurudumu la sumaku), mbele kidogo, nyuma kidogo. Usiruke juu ya kiki: meno ya kiki yatavunjika kabla pistoni haijaachia, na meno hayo ni magumu kupata kuliko pistoni.

Ikishaachia, toa silinda uende nayo kwa fundi mchongaji aipime juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Kutu ikiwa imechimba, silinda itapanuliwa. Pistoni kubwa zinakuja kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, maana yake ya mwisho ni 57.5 mm. Hapa zingatia mpangilio: nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ipanuliwe kwa kuifuata pistoni hiyo uliyoishika. Pistoni za kopi zilizoandikwa 0.50 hazilingani zote, moja huwa nene kuliko nyingine kwa sehemu kadhaa za mia za milimita. Silinda ikipanuliwa kwa kufuata maandishi ya boksi, ama pistoni itakwama ikipata moto, ama itagonga tangu siku ya kwanza. Mchongaji aipime pistoni kwenye sketi (sehemu yake ya chini), karibu milimita 10 kutoka chini, upande ulio nyuzi 90 kutoka tundu la pini, aache nafasi ya 0.02 hadi 0.04 mm.

Kabla ya kuvika ringi, iingize kila moja peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kwa ringi mbili za juu uwe 0.15 hadi 0.35 mm. Ukiwa mdogo, ncha zitagusana injini ikipata joto na ringi itakwaruza silinda, kwa hiyo zipige tupa polepole. Maandishi ya ringi yatazame juu, alama ya IN kwenye pistoni ielekee upande wa kabureta, na zile klipu za pini ziwe mpya kila mara. Ukimaliza kufunga, weka nafasi ya tapeti (mwanya wa juu ya valvu) iwe 0.08 mm injini ikiwa baridi.

Plagi ni D8EA, hesi ya 12 mm. Fimbo, valvu, kabureta ya 26 mm, cheni ya 428 na gasketi vinapatikana kwenye maduka ya bodaboda, mradi uende na cha zamani mkononi mkilinganishe. Vya kuogopa ni gia, klachi na kranki (shafti kuu ya injini). Nakala zilibadilishwa meno kadiri miaka ilivyopita, na gia mpya yenye jino moja zaidi haitashikana vizuri na mwenzake wa zamani. Hesabu meno ya klachi na ya gia ndogo inayoizungusha, hesabu na sahani, uandike. Kama havilingani, nunua vyote viwili kwa pamoja au utafute vya Honda vilivyotumika.

SWALI: Hamjambo? Muuzaji mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, anasema ataniagizia spea za Honda yangu nikimletea "part number". Nimepata katalogi lakini hizo namba ndefu zinanichanganya. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Hatujambo. Namba ya Honda ina mafungu matatu. Tarakimu tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 13101 ni pistoni ya kawaida, 13102 ya 0.25, 13103 ya 0.50, 13104 ya 0.75 na 13105 ya 1.00. 12100 ni silinda, 16100 ni kabureta. Fungu la kati linataja pikipiki ambayo kitu hicho kilibuniwa kwa ajili yake kwanza, na la mwisho linaonyesha mabadiliko yaliyofuata, na pengine rangi.

Fungu la kati ndilo lenye faida kubwa kwako. Pitia katalogi yako, na kila ukikuta msimbo wa kati usiofanana na ule unaojirudia kwenye ukurasa, jua kitu hicho kimeazimwa kutoka pikipiki nyingine ya Honda. Spea hiyo utaipata kwa jina la pikipiki ile, mara nyingi kwa bei nafuu, kwa sababu hakuna anayeiita ya zamani.

Namba zinazoanza na 91 ni beringi na oili sili. Zinazoanza na 96100 ni beringi za kawaida za dunia nzima: 96100-63020 ni beringi 6302, yaani shimo 15, nje 42, unene 13. Hiyo huna haja ya kuiagiza kwa wiki tatu. Ingia duka lolote la beringi, omba 6302 yenye mipira pande zote mbili ikiwa ni ya gurudumu, ili vumbi na maji visiingie.

Kwa Yamaha mpangilio umegeuka: msimbo wa pikipiki unatangulia, kisha aina ya kitu. 11631 katikati ni pistoni ya kawaida, 11635 ni ya 0.25, 11636 ni ya 0.50.

SWALI: Nina Yamaha AG100 ya shambani. Ikipata moto inakosa nguvu, na ukiachia mafuta injini inabaki ikipiga kelele juu, haishuki. Fundi anasema ni oili sili za kranki lakini za Yamaha hazipo mjini. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Fundi wako ana hoja. Injini ya tu-stroki hubana hewa na petroli ndani ya nyumba ya kranki kabla ya kuvipandisha juu. Sili ya upande wa sumaku ikikauka, inanyonya hewa ya nje, mchanganyiko unakosa petroli, injini inakimbia bila kuambiwa, na mwisho pistoni inaungua. Ikichoka ya upande wa klachi, inanyonya oili ya gia: utaona moshi mweupe usioisha, na oili ya gia inapungua bila kuvuja popote. Simamisha safari za mbali mpaka zibadilishwe.

Jina la Yamaha si lazima hapa. Futa uso wa sili ya zamani kwa kitambaa chenye petroli utaona namba tatu. Zikiwa 20 35 7, kwa mfano, maana yake shafti ni 20, shimo ni 35, unene ni 7. Zikiwa zimefutika, pima kwa vernia: shafti yenyewe, na shimo la nyumba yake, si ile sili iliyochakaa. Duka la beringi na sili litakupa. Kipenyo cha ndani na cha nje havina msamaha hata nusu milimita. Unene unaweza kupungua kidogo, usizidi. Omba yenye midomo miwili, na ukipata ya mpira wa Viton ichukue hata kama bei imepanda, maana inavumilia joto na petroli kuliko ile nyeusi ya kawaida.

Wakati wa kufunga ndipo wengi wanapoiharibu. Mfereji wa kabari kwenye shafti una ncha kali kama wembe, na mdomo wa sili ukipita juu yake unachanika bila wewe kuona. Funga kipande cha mfuko wa plastiki juu ya shafti, pakaa grisi, pitisha sili juu ya plastiki, kisha vuta plastiki itoke. Igonge kwa soketi yenye upana wa karibu sawa na sili, pole kwa pole, ikae sawa pande zote, na itazame upande uleule iliotazama ya zamani. Shafti ikiwa na mfereji uliolika mahali mdomo ulipokuwa, iingize sili mpya ndani zaidi au nje zaidi kwa milimita moja ili mdomo upate chuma kizima.

Ukiwa umefungua injini, badilisha na beringi za kranki, uombe zenye alama C3. Zina nafasi kubwa kidogo ndani. Za kawaida zinabana kranki ikipata joto. Na mpaka uhakikishe pampu ya oili inasukuma, changanya mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli.

SWALI: CG yangu ni ya volti 6 na ya platini (swichi ya kizamani ya moto wa plagi). Naweza kuvika umeme wa volti 12 wa bodaboda? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Unaweza, ila nunua seti nzima ya injini ya aina moja: flaiwili, koili zake za ndani, CDI (kisanduku kinachotawala moto wa plagi), koili ya plagi na regyuleta. Ukichanganya flaiwili ya huku na koili za kule, moto wa plagi unatoka wakati usio wake. Betri, balbu zote, honi na flasha navyo vigeuke kuwa vya volti 12.

Kabla ya kulipia flaiwili, pakaa wino wa alama kwenye ncha ya kranki, ivike flaiwili, izungushe kidogo, itoe. Wino ukiwa umeguswa karibu pande zote, imekaa. Ukiwa umeguswa kwa pete nyembamba tu, iache. Flaiwili inayoshikilia kwa ukingo huikata kabari yake ukiwa njiani, na siku hiyo pikipiki haitawaka tena mpaka uifungue. Kuitoa ya zamani tumia kivutio chake cha hesi, nyundo inapasua sumaku na kupindisha kranki.

SWALI: Niko Muscat. Mjomba wangu Pemba ana Honda C70 na nasikia spea za Honda CD70 za Pakistan ziko tele huku Ghuba. Nimpelekee zipi? — Msomaji, Oman

JIBU: Pistoni na ringi kwanza, kwa kuwa zote mbili ni kipenyo 47 na mwendo 41.4 mm. Mwambie mjomba apime pini na urefu wa pistoni kutoka pini hadi juu, akutumie picha pistoni ikiwa kando ya rula. Klachi na gia usibebe: C70 ina klachi inayojiendesha na gia tatu, CD70 ina klachi ya mkono na gia nne, havikutani. Nafasi iliyobaki kwenye begi ijaze kwa nyaya za breki na mipira ya kabureta.