Usikimbilie kuongeza uzito wa tope

Ndugu, umesema kisima chako cha mshazari kinabomoka kwenye mwamba wa udongo wenye matabaka, na unauliza kama uongeze uzito wa tope, yaani kimiminika kinachozungushwa kisimani wakati wa kuchimba na kusaidia kushikilia kuta. Subiri kwanza. Kaangalie vipande vya mwamba vinavyotoka kwenye chekeche, chujio la tope linalorudi juu. Vikiwa virefu na vyembamba kama vijiti, kuna uwezekano shinikizo la ndani ya mwamba limelizidi shinikizo la tope, basi ongeza uzito. Vikiwa bapa, nyuso mbili sambamba, mwamba unaachana kwenye matabaka. Tope zito litapenya kwenye nyufa na kuzidisha balaa.

Hapo ndipo inahitajika modeli, yaani hesabu ya nguvu zinazoukandamiza mwamba (mikazo) na uwezo wake wa kuzihimili: mkazo wa wima kutoka logi ya densiti (rekodi ya msongamano wa mwamba kwa kila kina), mkazo mdogo zaidi wa mlalo kutoka jaribio la uvujaji (kupandisha shinikizo la tope hadi lianze kuvuja kuingia mwambani), nguvu ya mwamba kutoka maabara, na tafadhali pima pia udhaifu wa matabaka yenyewe. Kisha jaribu kubadili pembe ya kisima, kiyakate matabaka badala ya kuteleza sambamba nayo.