Usilaumu diski kabla hujaikagua kamera

Msimu wa korosho ukishafunguka huku kwetu hela inakuwepo na harusi zinapangana mpaka unakosa wikiendi ya kulala, na ni kipindi hicho hicho nilichoaibika vibaya kuliko miaka yote niliyoshika kamera hapa Mtwara mjini. Mzee mmoja katoka Tandahimba na gari la alfajiri, kafika dukani kwangu kabla hata sijafungua mlango wote, mkononi ana mfuko wenye diski tano za DVD ya harusi, nakala zile zile nilizomkabidhi wiki iliyopita. Shikamoo baba, marahaba, akakaa, akanyamaza kidogo, alafu akasema, "Mwanangu, kwenye hii harusi yako shehe anafunga mdomo ndo sauti inatoka." Nikacheka. Kumbe mwenzangu hakuja kucheka. Majirani walijaa sebuleni kwake kuangalia, shehe anaongea kama zile filamu za Kichina zilizotiwa Kiswahili, tukifika kwenye keki picha inakatika vipande vya mraba, alafu diski moja kaipeleka kwa dada yake na deki ya huko haijaisoma kabisa.

Mi kama fundi yeyote nikalaumu diski. Nikaenda kununua za bei juu kidogo, nikachoma upya usiku kucha, nikamtumia na basi, siku mbili simu hiyo, "Mwanangu, bado." Hapo ndo nikakaa chini nikatafuta ugonjwa kuanzia mwanzo, na nikakuta karibu kila kitu alicholalamikia kimezaliwa mbali kabisa na diski, kingine siku yenyewe ya kushuti.

Tuanze na sauti maana ndo inasumbua watu wengi. Kabla hujagusa chochote nenda kaangalie sehemu tatu, mwanzo wa klipu, katikati na mwisho. Kama sauti imepishana na mdomo kwa kiasi kile kile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hiyo ni ndogo, isogeze tu kwenye taimulaini, pale unapopangia klipu kwenye programu ya kuediti, basi. Ila kama mwanzo iko sawa alafu inaachana taratibu mpaka mwisho ndo aibu kabisa, hapo kusogeza ni kupoteza muda, tatizo ni hesabu ya fremu, zile picha moja moja zinazounda video kila sekunde. Klipu za nikaha ya yule mzee hazikuwa za kamera yangu, kamera ilikuwa kwa wanawake, nikaokoteza video ya simu kwa kijana wa pale nyumbani. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja, mwanga ukipungua zinapunguza fremu, ukiongezeka zinaongeza, ukiiuliza inakwambia 30 lakini ndani ni 27 hapa, 30 pale. Programu ya kuediti inachukulia zote ni 30, sauti yenyewe inakwenda na saa ya kweli, kwa hiyo lazima waachane njiani.

Dawa yake, usiingize klipu ya simu moja kwa moja kwenye projekti. Ipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake, ni ya bure, kwenye upande wa video chagua fremu zisibadilike badala ya zile za kubadilika, alafu ndo uediti. Na kama unajua siku hiyo utatumia simu, ingia kwenye setingi kabisa uiwekee 25, iPhone ina sehemu ya kuonyesha fomati za PAL, Android nyingine mpaka uweke programu ya kamera ya pembeni. 25 sababu DVD yetu huku ni PAL, yaani fremu 25 kwa sekunde na picha ya 720 kwa 576. Ile ya 720 kwa 480 yenye 29.97 ni NTSC ya Wamarekani na Wajapani, ukikosea ukaichagua hiyo kwenye programu ya kuchomea basi video yako ya 25 itakwenda kwa kugugumia, na TV za zamani nyingine zitakuonyesha rangi nyeusi na nyeupe tu ukadhani waya umelegea. Faida nyingine ya 25 ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, ukishuti kwa 30 ukumbini penye tubulaiti unapata mistari inapanda na kushuka ukutani, na hiyo hakuna efekti itakayoitoa vizuri. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, weka 1/50 ya sekunde usilale na wasiwasi.

Sauti ya rekoda ya mfukoni nayo iangalie. DVD inataka kilohezi 48, rekoda nyingi na nyimbo za MP3 ziko 44.1, zigeuze mapema kabla hazijaingia kwenye taimulaini. Na sauti iliyopasuka kwa sababu uliweka maiki mbele ya spika za singeli, hiyo pole, sina dawa.

Sasa hii ya keki ndo nataka tukae nayo, maana hapa efekti na kuenkodi (kule kuibana video iingie kwenye diski) vinagombana na watu hawajui kama ni ugomvi mmoja. Wateja wetu wanapenda mapambo, na mi mwenyewe sijifichi, nilikuwa naweka vimetameta, maua yanadondoka, mioyo inapaa, kwenye kukata keki ndo nilikuwa namwaga vyote. Kwenye kompyuta inapendeza kweli. DVD inatumia MPEG-2, na MPEG-2 inabana picha kwa kuangalia kitu gani hakijabadilika toka fremu iliyopita, ukuta upo pale pale haiuandiki tena, kiti kipo pale pale haikiandiki tena. Sasa we ukijaza skrini nzima vimetameta ambavyo kila fremu viko sehemu nyingine, hakuna cha kuruka, kila kitu inabidi kiandikwe upya, na nafasi uliyompa ni ile ile. Matokeo ndo vile vipande vya mraba. Chenga za usiku ni hivyo hivyo, ukishuti gizani na geini juu, yaani kamera inalazimisha mwanga, zile chenga zinacheza kila fremu na zinakula nafasi ya sura ya bibi harusi. Taa ndogo tu ya juu ya kamera ilinisaidia kuliko programu zote za kusafisha chenga nilizohangaika nazo.

Na hesabu yenyewe nilikuwa sifanyi. Harusi ilikuwa na saa 2 na dakika 40, nimeisukumia yote kwenye diski moja sababu mzee alitaka kila nakala iwe diski moja. Diski ya kawaida ni GB 4.7 (ukiichomeka kompyuta inakwambia 4.37, usishtuke, ni namna tofauti ya kuhesabu, hujaibiwa). Hiyo ni megabiti kama 37,600 (baiti moja ni biti nane). Gawanya kwa sekunde za video yako. Dakika 160 ni sekunde 9,600, unapata megabiti 3.9 kwa sekunde, toa sauti, acha kidogo ya akiba, unabaki na 3.5 hivi, na hapo umeweka vimetameta, unategemea nini. Nilipoigawa diski mbili za dakika 80 nikaweka 7, keki ikatulia. Usiende juu sana pia, mwisho wa DVD kwa picha ni 9.8 lakini deki za bei rahisi na diski za kuchoma zinakwama hata kabla ya hapo, mi sizidi 8. Sauti tumia AC-3, ile iliyobanwa, ya kilobiti 192 au 256, usiiache kwenye PCM isiyobanwa inakula megabiti 1.5 nzima bila faida utakayoisikia kwenye TV ya sebuleni. Kama programu yako ina ile ya kuenkodi mara mbili ichague, inapita mara ya kwanza kukagua sehemu ngumu ziko wapi, ya pili ndo inaandika. Inachelewa ndio, nenda kale pweza urudi.

Kuna ugonjwa mwingine hauonekani kwenye kompyuta kabisa, unaonekana kwenye TV tu, mtu akitembea haraka au ngoma ikichanganya, sindimba ile kiuno kinavyokwenda, picha inatetemeka kama ina homa, lakini aliyesimama yuko safi. Hiyo ni mistari imebadilishwa zamu, maana kuna video ambazo kila fremu inaonyeshwa kwa zamu mbili, nusu ya mistari kwanza alafu nusu nyingine. Kamera za kanda za DV zilikuwa zinaanza mistari ya chini, hizi za HD zenye 1080i zinaanza ya juu, ukiekspoti kinyume na ulivyoshuti ndo hivyo. Angalia setingi ya klipu, fuata hiyo hiyo mpaka kwenye DVD. Kama kamera inaruhusu 25 au 50 zisizo na mistari ya zamu shuti hiyo, utasahau hii aya yote. Na 50 inakusaidia kwenye slomo, ukiiweka kwenye taimulaini ya 25 unaipunguza nusu kabisa na inateleza, ila ukichukua 25 ukaivuta nusu programu inarudia fremu na bibi harusi anaingia kwa kushtukashtuka.

Kompyuta ikifia njiani wakati wa kurenda, yaani inapotengeneza video ya mwisho, angalia inafia wapi. Ikifia pale pale kila mara, kuna klipu au efekti mbovu sehemu hiyo, kata taimulaini nusu, ekspoti nusu, ile inayofeli ikate tena nusu, utamkamata mchawi ndani ya robo saa. Ikifia popote inapojisikia basi ni joto, memori au umeme. Laptopu yangu Novemba ilikuwa inajizima, nikafungua nikakuta vumbi limekuwa godoro. Cheki na diski C pia, haya maprogramu yanajaza mafaili yao ya muda kule kimya kimya, ikijaa unapewa ujumbe wa kosa usioeleweka. Na ukikuta klipu zote zimepotea skrini imekuwa nyekundu usilie, mara nyingi ile diski ya nje unayohifadhia klipu imebadilisha herufi tu, jana ilikuwa E leo ni F, irudishie E.

Siku hizi sitoki kwenye taimulaini kwenda DVD moja kwa moja. Natoa faili moja kubwa la kiwango cha juu kwanza, naliangalia lote, alafu ndo naenkodi, na nachoma nikiwa na folda ya VIDEO_TS, ile yenye mafaili ya DVD, tayari niliyoichezesha kwenye VLC. Umeme ukikatika katikati naanza hatua moja tu, sio kazi yote. Programu ya DVDStyler inatosha kwa menyu, Windows 7 nyingi zina ile DVD Maker yake, ila kuanzia Windows 8 waliitoa.

Kuhusu ile diski ambayo deki ya dada yake iliikataa, hapo ndo diski ilikuwa na kesi yake kweli, ila na mimi nimo. Nilichoma kwa kasi ya 16 maana nilikuwa na haraka, na nikabandika stika ya picha ya maharusi juu, stika ikikaa upande au joto likiinyanyua diski inayumba ikizunguka na jicho la deki kuukuu linashindwa kuifuata. Sasa nachoma kwa 4, ikizidi sana 8, naandika kwa kalamu ya maka au nanunua zile za kuprinti juu. Majina pia nimeyasogeza ndani, TV ya chogo inakula pembeni, kwenye diski za kwanza jina la bwana harusi lilikosa herufi mbili na ukoo ukanuna.

Mzee nilimpelekea mwenyewe mpaka Tandahimba, nikakaa nao sebuleni tukaangalia yote mbili mpaka mwisho, wakanipa ugali na kisamvu. Wakati naaga kijana wao akanifuata nje na flashi, anataka na humo. Nikamuwekea faili kubwa, likagoma, flashi imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4, nikamkatia vipande viwili pale pale kwenye laptopu. Niliporudi mjini nikanunua TV ya chogo na deki mbovumbovu kwa fundi mmoja Chikongola, vipo kwenye kona ya duka, hakuna diski inayotoka bila kupita pale. Mke wangu anaitaka ile kona aweke friji ya maji.