Kura za Borgia, 1492

Kuna wanaosema Kardinali Rodrigo Borgia alinunua kwa magunia ya pesa kura za makardinali zilizomfanya papa (Alexander VI). Alizinunua ndiyo, ila si kwa magunia ya pesa. Borgia alilipa kwa vyeo. Mtazame Kardinali Ascanio Sforza wa Milano: alipoona yeye mwenyewe upapa haupati, akamuunga mkono Borgia, na uchaguzi ulipokwisha tu Agosti 1492 akapewa umakamu wa kansela wa Kanisa (mkuu wa ofisi ya nyaraka za papa), kiti ambacho Borgia alikikalia tangu 1457, pamoja na jumba lake la kifahari pale Roma na ngome ya Nepi. Wengine nao wakagawiwa abasia (monasteri kubwa) na majimbo ya kiaskofu yenye mapato.

Ile hadithi ya nyumbu wanne waliobebeshwa fedha kwenda kwa Sforza imo kwenye shajara ya Stefano Infessura, mtu wa upande wa akina Colonna, ukoo wa kikabaila wa Roma, aliyependa sana umbea wa mitaani, kwa hiyo ipokee kwa tahadhari.

Na Borgia hakuwa peke yake. Papa Julius II, hasimu wake, naye alichaguliwa 1503 kwa ahadi nono, kisha 1505 akatoa hati ya kubatilisha upapa wowote ulionunuliwa!