Wadogo zangu wa Tuzo, logi iandike siku ile ile

Jumamosi iliyopita nimepita skuli kuchukua mahema, nikawakuta wanne wa fomu two, wa Tuzo yetu hii ya Kimataifa ya Duke wa Edinburgh, wamekaa barazani, kila mmoja kashika peni tatu, ya bluu, nyeusi, na nyengine ya bluu iliyokoza, wanajaza logi, yaani kumbukumbu za kila wiki za shughuli zao, za miezi mitatu kwa mpigo. Mmoja anauliza "ile Jumatano ya mwanzo wa mwezi tulifanya nini?" mwenzake anajibu "andika mazoezi tu." Nikasimama pale tumbo likanikata. Sikuwaambia kitu kwa sababu ningelia mbele yao, nimekwenda nyumbani nikaamua niandike.

Mimi ngazi za Shaba na Fedha nimemalizia skuli, ya juu, Dhahabu, ndo naikamilisha sasa, na Jumamosi nasaidia walimu. Kila mwaka nawaona mnaanguka kwenye shimo lile lile nililoanguka mimi, na mimi niliwakuta kaka na dada zangu washaanguka humo humo, na hakuna aliyeniambia. Bas mimi nawaambia.

1. Kuchagua shughuli. Seksheni mnazijua, Huduma, Ujuzi, Mazoezi na Safari, sina haja ya kuzieleza upya. Lakini kila mwaka yupo anayetaka mpira uhesabike kotekote. Ukicheza mpira ni Mazoezi. Ukiwafundisha watoto wa mtaani kwenu bila ya malipo hiyo ni Huduma, na ukisomea urefa ni Ujuzi, lakini saa moja ile ile huwezi kuiandika mara mbili. Na chagueni kitu kilicho karibu na nyumbani, maana baina ya skuli, chuo cha Kurani na tuisheni hiyo saa moja ya kila wiki ukiitafuta mbali hutoipata.

2. Asesa, yule anayekuangalia na kukutilia saini, asiwe jamaa yako. Najua hapa Unguja ukitafuta sana utakuta kila mtu ni jamaa, mjomba wa shangazi na kadhalika, lakini mama yako, kaka yako, khalati yako hawafai, tafuta mtu mwengine anayeijua kazi yenyewe. Na umuombe kwa adabu, umfate kwake, umueleze Tuzo ni kitu gani, usimrushie meseji tu "nisainie". Yule mtu anakubali kuwa shahidi wako.

3. Logi. Hapa mnisikilize khasa.

Shaba yangu, Ujuzi nilichagua kushona kofia za viua, na nikaifanya ndo seksheni yangu ndefu, miezi sita, wiki 26. Asesa wangu alikuwa bibi mmoja mtaa wa pili na kwetu, si jamaa yetu, mtu mzima aliyeshona kofia tangu usichana wake. Tulikubaliana kila Jumapili baada ya alasiri. Nikifika ananitandikia mkeka karibu na dirisha kwenye mwangaza, ananipa kitambaa cheupe kilichokwisha kuchorwa, unatoboa kitundu, unakizungushia uzi, umbavu kwa umbavu mpaka kifunge duara, kisha kengine. Kiua kimoja kidogo kama punje ya mtama. Mkono wangu mzito, uzi unavimba upande mmoja, Bibi anakisogeza karibu na jicho, anachukua sindano anafumua, ananirejeshea kitambaa bila ya neno. Siku ya kwanza nilishona viua vinne, akafumua vitatu.

Wiki za mwanzo nilikwenda kweli. Ikaja masika, Jumapili mbili mvua sikutoka. Ikaja tuisheni. Ikaingia Ramadhani nikasema nimefunga, nitakwenda baada ya sikukuu. Na hizo nilizokwenda nazo sikuziandika, nilikuwa naambia nafsi yangu nikifika nyumbani ntaandika, nikifika nyumbani nimechoka, kesho, kesho kutwa, si nakumbuka lakini! Hukumbuki. Zikipita wiki tatu Jumapili zote zinakuwa moja, unakumbuka mkeka na harufu ya udi nyumbani kwake lakini lini umefanya nini imeshapotea.

Mwalimu akatangaza logi zikusanywe Jumatatu. Jumapili usiku mimi na daftari na kalenda ya simu, nikashuka nayo Jumapili baada ya Jumapili mpaka zikatimia 26. "Nimejifunza kutoboa." "Nimeendelea na pembeni ya kofia." "Bibi amenisifu." Nilibadilisha peni, nikabadilisha na mwandiko kidogo, nikaona nimefanya kazi nzuri kabisa. Asubuhi na nguo za skuli nikapita kwa Bibi na fomu, alikuwa jikoni anapika chai. Nikamwambia Bibi nitilie saini hapa nimechelewa gari. Hakuuliza kitu. Akafuta mkono kwenye kanga, akaiweka fomu juu ya ndoo iliyofunikwa, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, mpaka nukta ya mwisho, akaniambia "Mungu akufungulie, mwanangu." Nikapokea dua nikakimbilia gari.

Siku ya tatu mwalimu kaniita ofisini. Kaweka kidole kwenye mstari mmoja akaniambia hii Jumapili ni sikukuu pili. Mimi kimya. Akaniambia sikukuu pili jioni nilikuona Mnazi Mmoja, ulivaa gauni la kijani, wewe na wenzako mnakula aiskrimu. Na kweli nilikuwa Mnazi Mmoja, mtoto gani wa mjini sikukuu pili anakaa ndani kushona! Nilijaza kufata kalenda, sikukumbuka hata Idi.

Hakunigombeza. Alisema jioni tutakwenda kwa asesa wako. Mkinambia nichague baina ya bakora na ile safari ya miguu kutoka skuli mpaka kwa Bibi, nachagua bakora.

Bibi alitukaribisha, akamletea mwalimu kiti, akasikiliza. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari la skuli, jalada limelainika kama kitambaa. Kumbe na yeye alikuwa na logi yake. Hakuna aliyemuomba. Kwa herufi za Kiarabu, anaanzia kulia, kila Jumapili mstari mmoja, akatusomea kwa sauti: viua vinne, vitatu vimefumuliwa. Viua sita, vimefumuliwa vitatu. Hakuja, mvua. Viua saba, viwili vimefumuliwa, mkono unaanza kukaa. Hakuja. Hakuja. Ramadhani. Sikukuu. Hakuja. Akahesabu kwa kidole, nilikwenda mara 17. Kisha akalifunga daftari, akanitizama mimi, si mwalimu, akasema "mimi nilitia saini kwa kukuamini wewe." Maneno hayo tu. Hakuongeza.

Na linaloniuma zaidi ni kuwa uongo ule haukuwa na haja! Ramadhani ukisimama inaruhusiwa. Mitihani ukisimama inaruhusiwa. Unamwambia lida wako, mwalimu anayekusimamia kwenye Tuzo, unasita, unarudi, wiki zako zinasogea mbele, hakuna anayekufukuza. Ningesema tu nimefika 17 bado 9, ningeambiwa haya malizia 9. Nikazimaliza hizo hizo 9, Jumapili tisa, na siku ya kwanza ya kurudi nilisimama mlangoni kwa Bibi muda mrefu kabla ya kubisha hodi. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Wenzangu walipewa vyeti vya Shaba mimi nimekaa kwenye viti vya watazamaji, nikapata changu muhula uliofata. Kofia yenyewe imekwisha baada ya mwaka na zaidi, babu yangu anaivaa Ijumaa.

Kwa hivyo wewe mwenye peni tatu. Skuli kwetu tunaanza na daftari kisha ndo mnaingiza kwenye mfumo wa mtandaoni, daftari likae kwenye mkoba, sentensi mbili kabla hujavua viatu. Ulifanya nini, na nini kilikushinda. Ukikosa wiki andika umekosa. Na asesa mpelekee aone kila mwezi, usimvamie siku ya mwisho na chai iko motoni.

4. Safari. Shaba ni siku mbili na usiku mmoja, saa sita za shughuli kila siku, na kabla yake kuna safari ya majaribio. Maji kila mtu lita tatu. Viatu vipya marufuku, vivae wiki mbili kabla. Swala zipangeni ndani ya ratiba msije mkakimbizana nazo njiani. Sheha wa pale mnapolala aonwe mapema na barua, si mnamtokea magharibi na mahema.

Na ratiba ya maji! Kundi moja mwaka jana wametoka Bwejuu kushuka Jambiani kwa ufukweni, mada yao wakulima wa mwani, mada nzuri sana kwa sababu mwambao ule ndo mwani wa biashara ulipoanzia mwaka 1989 na wako kina mama wa tangu siku hizo wa kuzungumza nao. Ramani wanayo, dira wanayo, kila kitu wameandika, isipokuwa hawakutizama mwezi. Ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yetu siku za bamvua yanapanda karibu mita nne, na yanajaa kama saa kumi za jioni, saa ile ile waliyopanga wawe wanamalizia ufukweni na mabegi mgongoni. Bahari ikafika kwenye kuta za mahoteli, wakarudi nyuma, wakatafuta kichochoro cha kutokea barabarani, wamefika kambini usiku wamerowa. Na kina mama wa mwani nao hawakuwakuta, kwa sababu mwani unafanyiwa kazi maji yakipwa, na maji yalikupwa asubuhi wao wakiwa bado Bwejuu wanapika chai. Muulizeni mvuvi yeyote atakwambieni bila ya kutizama karatasi. Mtoto wa kisiwani kukamatwa na maji kujaa, jamani!

Mzigo wa kundi gawaneni, asije mmoja akabeba sufuria zote kwa kuwa mpole.

5. Umri. Kuna wanaolia kwamba wamechelewa. Shaba unaanza na miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16, na mlango haufungwi mpaka utimize 25. Mimi nina 22 na bado nimo. Hushindani na mtu, Tuzo hii tangu ilipoanzishwa Uingereza mwaka 1956 haijawahi kuwa na wa kwanza na wa mwisho (wasichana wenyewe tumeingizwa 1958, kwa hivyo tusiwe watu wa kuogopa kuchelewa). Fomu foo wakipumzika kwa ajili ya mtihani wapumzike, lakini wamwambie lida, na logi ioneshe hivyo.

6. Wale wa Dhahabu, ule mradi wa siku tano na kulala usiku nne, unatakiwa uwe na watu usiowazoea. Msiende na mashoga zenu. Mimi nilikwenda Pemba peke yangu, kambi ya kupanda mikoko, sikumjua mtu hata mmoja, na usiku wa kwanza nilitaka kurudi na boti ya asubuhi. Usiku wa tatu tulikuwa tunapika pamoja, wananicheka namna ninavyosema baadhi ya maneno na mimi nawacheka wao. Logi ya siku zile niliandika kwa tochi ya simu, kila usiku, hata siku niliyokuwa na homa, mstari mmoja, "leo homa, sikushuka mikokoni."

Jumamosi hii nipo skuli kuanzia saa tatu, pale pale barazani. Wale wanne njooni na madaftari yenu kama yalivyo, tutakata kwa mstari zile zisizokuwa za kweli, tutahesabu zilizobaki, na ntakwenda na nyinyi kwa maasesa wenu mmoja mmoja kuwaeleza. Kama zimebaki tano, tunaanzia tano.