Laini ya bei chee inayotegemea wifi: kabla hujahama, kaiangalie ruta yako kwanza

Kila nikitaja kwamba laini yangu kuu inapiga simu kwa wifi, swali la kwanza ni lilelile, kwa mwezi unalipa ngapi? Nikitaja bei tu watu wanataka kuhama hapohapo. Mimi ningeuliza kingine kabisa, kwa siku unakaa masaa mangapi mbali na wifi unayoiamini. Hii huduma nimeitumia kitambo sasa, kwanza kwenye kampuni moja ndogo halafu nikahamia nyingine, na bado naitumia, kwa hiyo sijaja kuiponda. Ila kuna mambo anayekuuzia hana haraka ya kukuambia.

Tuanze na kwa nini ni rahisi, manake ukishaelewa hapo mengine yote yanajieleza. Kampuni nyingi za aina hii hazina minara. Zinanunua dakika na data kwa jumla toka kwa kampuni kubwa yenye minara halafu wewe wanakuuzia rejareja. Dakika unayoongea kupitia mnara wanailipia, dakika unayoongea kupitia wifi ya kwako haiwagharimu karibu kitu kwa sababu intaneti ushailipia mwenyewe. Basi, ujanja wote ndo huo, sehemu ya gharama imehamia kwako. Kule Marekani Republic Wireless walianza 2011 na kifurushi cha dola 19 kwa mwezi, simu inatafuta wifi kwanza na mnara unakuwa wa akiba. 2015 Google nao wakaja na Project Fi, siku hizi inaitwa Google Fi Wireless, wazo linakaribiana ila wao wakachanganya wifi na minara ya kampuni zaidi ya moja. Mwaka huohuo kampuni ya kebo, Cablevision, ikatoa Freewheel ambayo ilikuwa wifi tupu, mnara hamna kabisa, yaani ukitoka kwenye wifi simu inabaki tochi na saa. Hiyo haikudumu. Na Republic wenyewe pamoja na kutangulia, 2021 wateja wao walichukuliwa na DISH, kampuni ya televisheni ya setilaiti. Nayataja haya usije ukaipenda kampuni kama ukoo, hizi ndogo zinauzwa na kufungwa, kwa hiyo la kwanza kabisa kuuliza ni kama namba yako unaweza kuondoka nayo siku ukitaka.

Halafu tofautisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya sana. Kuna wifi calling iliyomo ndani ya simu yenyewe, unapiga kwenye kibodi ya kawaida ya simu, namba yako ileile, anayepokea hajui hata kama uko kwenye wifi. Na kuna ile ya apu, unapakua programu wanakupa namba ya mtandaoni, unapiga kupitia humo. Zote zinatangazwa kwa maneno yaleyale lakini kwenye matumizi haziko sawa hata kidogo. Namba ya apu, baadhi ya benki na huduma za mtandaoni zinaikataa ukitaka kujisajili, au zinaikubali halafu ule ujumbe wa namba za siri za kuthibitisha haufiki. Utakaa unaangalia skrini inahesabu sekunde kurudi chini na meseji haiji. Kama laini unayoitaka ni ya apu, mi ningeichukua iwe laini ya pili tu, ya kwanza hapana.

Sasa tuje kwenye wifi yenyewe. Watu wakisikia wifi wanafikiria spidi. Sauti ya simu haitaki spidi kubwa, kilobiti 100 hivi kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi zinatosha na kubaki, kwa hiyo hata intaneti ya kawaida kabisa inaweza. Kinachoua simu ni ucheleweshaji, hasa ucheleweshaji usiotabirika, pakiti moja, yaani kipande kidogo cha sauti yako, inafika saa hii, inayofuata inachelewa, halafu tatu zinakuja kwa mkupuo. ITU, lile shirika la kimataifa la mawasiliano, wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa huyu mpaka sikio la yule, ukizidi sana hapo mnaanza kuingiliana, kila mtu anasema "samahani endelea" halafu mnanyamaza wote wawili.

Na mchawi wa kuchelewa mara nyingi yumo ndani ya nyumba. Kwangu ilikuwa jioni jioni. Mchana simu safi kabisa, ikifika usiku watu wananiambia naongea kama niko ndani ya pipa, mimi nawasikia vizuri wao hawanisikii. Hiyo ya upande mmoja ndo iliyonipa jibu. Simu ya mtu mwingine humu ndani ikishachomekwa chaji inaanza kupandisha picha na video zote za mchana kwenye hifadhi ya mtandaoni, na intaneti nyingi za nyumbani upande wa kupandisha ni mwembamba kuliko wa kushusha, basi video zinajazana kwenye foleni ya ruta, kile kiboksi kinachogawa wifi, na sauti yangu inapanga foleni nyuma yao. Ukipima spidi ya kushusha unaona namba nzuri tu unabaki unashangaa. Dawa iko kwenye setingi za ruta, nyingi zina sehemu ya kutanguliza aina fulani ya matumizi, au unaweka kikomo cha kupandisha kiwe chini kidogo ya uwezo halisi wa laini ili foleni isijae. Kama ruta yako ni ile ya kupewa bure na haina hiyo sehemu, gharama ya kununua nyingine iingize kwenye hesabu zako tangu mwanzo, usijidanganye kwamba unaokoa.

Masafa nayo. Ruta nyingi zinarusha 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya 2.4 inapenya kuta vizuri ila imejaa, kila jirani yuko humo, na oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi karibu na masafa hayohayo, ukipasha chakula huku unaongea unaweza kusikia sauti inakwaruza. Ikibidi ubaki humo weka chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani. Ile ya 5 ni safi zaidi ila ukuta mmoja mnene tu inachoka. Mimi chumba ninachopigia simu za kazi nimehakikisha kinapata 5 vizuri, vyumba vingine vitajijua.

Kuna ugonjwa mwingine naita ugonjwa wa getini. Uko ndani unaongea kwa wifi, unatoka, unafunga mlango, unatembea mpaka getini, na simu imeng'ang'ania kale kawifi kaliko na mstari mmoja badala ya kuachia iende mnarani. Unasikia nusu maneno, kisha kimya, kisha imekatika. Simu na kampuni vikiwa vinakubali VoLTE, yaani simu ya sauti kupitia mtandao wa 4G, mazungumzo yanaweza kuhama toka wifi kwenda mnara bila kukatika, nimeona inafanya hivyo vizuri tu mpaka unasahau kama umehama. Lakini mmoja asipokubali, au mnara wa hapo kwenu 4G ni dhaifu, inakatika kila safari. Hiki usikiulize dukani, kipime. Piga simu ukiwa sebuleni, toka nje huku unaongea, tembea mpaka umeipoteza wifi kabisa, kisha rudi. Kama inakatika, zoea kuzima wifi kabla hujatoka. Inaonekana kazi ndogo mpaka siku una mzigo mikono yote miwili na bosi yuko hewani.

Wifi za watu wengine ni habari nyingine. Zile za kwanza uingie ukurasa ukubali masharti, simu inaonyesha imeunganishwa kumbe bado, na kwa muda huo mtu akikupigia inaweza isiite. Na za maofisini zina yake. Kuna ofisi nilikuwa naenda mara kwa mara, wifi mistari yote imejaa, intaneti inakimbia, lakini simu haitoki wala haiingii. Nikamfuata kijana wa IT, akaniuliza swali moja tu, hiyo kitu yako inapita bandari gani, yaani mlango upi wa mtandao. Wifi calling ya ndani ya simu inajichimbia njia yake iliyofungwa hadi kwenye mitambo ya kampuni, kwa kawaida inapita bandari namba 500 na 4500 za UDP, ambayo ni aina mojawapo ya usafirishaji wa data, na mitandao mingi ya ofisi imezifunga. Akazifungua, nikazima wifi nikawasha, simu ikaanza kuita palepale. Kwa hiyo kama siku yako nyingi inaishia ofisini, peleka hizo namba mbili kwa mtu wa IT kabla hujalipia chochote. Akikataa, na ndani ya jengo mnara haushiki, basi hii huduma kwako imeshafeli na hujaanza.

Simu yenyewe pia, hapa wengi wanakwama. Simu kuwa na wifi calling kwenye maelezo yake haimaanishi itafanya kazi na kampuni hiyo, kampuni inachagua simu zipi inaziruhusu, na toleo moja linaweza kukubali huku pacha wake aliyetengenezwa kwa soko jingine akagoma. Uliza kwa namba kamili ya modeli, ile iliyoko ndani ya setingi, jina la biashara halitoshi. Wakikujibu "inafaa kwa simu zote" we endelea kuuliza.

Kuhusu dharura siwezi kupita kimyakimya. Ukipiga namba ya dharura kupitia wifi, anayepokea anaweza asijue uko wapi kama ambavyo angejua kupitia mnara. Ndo maana kampuni nyingine zinakutaka uandike anwani kabla ya kuwasha huduma, na ile anwani haihami yenyewe ukihama nyumba, lazima uibadilishe. Na umeme ukikatika ruta imekufa, wifi imekufa, na kama ndani mnara haushiki basi na simu imekufa. Kuna vibetri vidogo vya kushikilia ruta kwa masaa kadhaa, ninacho, nakisifia sana. Lakini mwenye mgonjwa nyumbani, au ambaye kazi yake ni kuamshwa usiku, sidhani kama anatakiwa aishi na laini hii peke yake, hata iwe ya bure.

Upande wa data, wenye intaneti isiyo na kikomo wasiwe na wasiwasi. Wenye kununua kwa kipimo wajue sauti inakula kama megabaiti moja kwa dakika, mara nyingi chini ya hapo, siyo kubwa. Kubwa ni pale intaneti yenyewe unainunua ili uweze kutumia laini ya bei rahisi, hapo hesabu imegeuka kichwa chini. Nafuu ya kweli ni ya yule ambaye intaneti angeilipia tu hata kusingekuwa na hii laini. Pia kama wifi ya nyumbani inatoka kwenye kimodemu kinachotumia mnara wa kampuni ileile iliyo nyuma ya laini yako, ujue mnara ukilala umelala na vyote viwili.

Kwa hiyo kabla ya kuamua fungua orodha ya simu zako za wiki chache zilizopita, usikisie, fungua. Angalia zile ndefu ulizipiga ukiwa wapi. Kama nyingi zilikuwa nyumbani au kazini, na hizo sehemu wifi unaimudu, jaribu, huenda usirudi tena kwenye bili ya zamani. Kama wewe ni dereva, fundi wa kuzunguka, au mtu wa mauzo ambaye ofisi yako ni barabara, dakika zako zitaishia mnarani, na hapo ndipo hizi kampuni zinapobana, dakika chache, au data ikizidi bei inapaa, au mnara ukizidiwa wateja wa kampuni kubwa wanatangulizwa na wewe unasubiri. Soma hicho kipande cha masharti, huwa kimeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Kujaribu kwenyewe, tumia simu ya laini mbili. Laini ya zamani iache ilipo, mpya iweke pembeni yake na namba mpya, isukume mwezi mzima na simu za kweli, siyo zile za "haloo unanisikia". Wape namba watu wawili watatu wenye mdomo, wale ambao wakikusikia vibaya watakuambia bila aibu. Pokea meseji za benki humo, pigia bibi, pigia ukiwa bafuni, pigia wakati wote nyumbani wanaangalia video. Ukiridhika ndo uhamishe namba yako kuu, na laini ya zamani usiifunge wewe mwenyewe, acha uhamisho ndo uifunge, manake ukiifunga kabla namba haijahama unaweza kuipoteza, na huduma kwa wateja za hizi kampuni za bei chee nyingi ni kuchati na roboti.

Mimi nimebaki nayo, ila kwenye tundu la pili la simu kuna laini ya kawaida ya kuongeza salio, karibu haina matumizi, kazi yake ni siku ruta ikigoma.